Madi wa Mbwajumali na Jamvi la Amu

Wasikilizaji wapendwa, asalaam aleikum. Walioko dukani, walioko jikoni, na nyinyi mliojazana kibarazani mkisikiliza redio ya jirani, karibuni nyote. Mimi ni Muhdhar. Saa hii tunamkumbuka mtu mmoja tu, naye ni Madi bin Bwanamkuu, wa Mbwajumali, kisiwani Pate. Madi alikuwa mrushaji wa mpira wa kriketi. Amefariki mwezi huu, katika mwaka huu wa hamsini na nane, akiwa kijana bado.

Nasema tena kwa aliyechelewa kuwasha redio. Ni Madi wa Mbwajumali, aliyeichezea timu ya Pwani mara moja. Mara moja tu, katika mechi ya nchi kwa nchi, Mombasa. Na mara hiyo moja ndiyo iliyomla.

Nilikwenda Mbwajumali. Bi Hadia, mama yake, alinipokea vizuri mno kwa mtu aliyefiwa. Alinitandikia mkeka, akaniwekea tende na kahawa, akaniuliza kama safari ilikuwa njema. Halafu akasema, "Uliza, mwanangu. Yote nitakwambia. Mimi si wa kujificha. Aliyekuwa akijificha yuko kaburini."

Basi tuanze mwanzo. Madi alizaliwa na kukulia Mbwajumali. Baba yake, Bwanamkuu, alikufa mapema, akalelewa na mama. Na mama alikuwa msukaji. Bi Hadia anasuka majamvi, yale ya kutandika msikitini na maharusini. Anasuka ukili mwembamba mrefu, kisha anashona ukili kwa ukili mpaka jamvi linaenea chumba. Mtoto alikulia juu ya kazi ya mama yake.

Mchezo wake ulikuwa vidaka. Mnavijua, zile nazi changa zinazopukutika kabla ya kukomaa. Madi alikuwa akiokota kidaka, anakisokota kwa vidole, anakirusha. Kidaka kinatua chini, kinapinda, kinampata mtu aliyejificha nyuma ya mnazi. "Kuku wangu wote walikuwa wakichechemea," aliniambia Bi Hadia, akacheka. Nilifurahi kumwona akicheka, maana hakucheka tena mchana ule.

Sasa twendeni Amu, ndio Lamu kwa nyinyi wa mbali. Pale Amu palikuwa na klabu ya kriketi ya wafanyabiashara, makarani na walimu. Nahodha wake alikuwa Bwana Mahmud, mtu wa nyumba kubwa mtaa wa Mkomani, mwenye maduka, aliyesoma Bombay na kuujulia mchezo huko. Mwaka wa hamsini na tano alikuwa pia nahodha wa timu nzima ya Pwani. Bwana Mahmud si mtu mbaya. Nalisema hili sasa, kwa sababu huko mbele mtataka kulisahau.

Kiwanja cha Amu ni mchanga. Mpira wa kriketi ukitua mchangani hauruki, unazama. Mahali pengine hutandikwa zulia la makumbi ya nazi lililofumwa kiwandani, likavutwa na kupigiliwa misumari. Klabu ya Amu haikuwa nalo. Ikaagiza jamvi. Ikamwagiza nani? Bi Hadia wa Mbwajumali. Akalisuka, na mwanawe akalipeleka, amelibeba begani mpaka kiwanjani.

Madi akakaa kutazama. Mpira ukamjia. Akauokota, akausokota kwa vidole vile vya vidaka, akaurusha. Ukatua juu ya jamvi, ukapinda, ukang'oa kijiti cha katikati, na katika kriketi hapo mpigaji ametolewa. Mpigaji aliyekuwa amesimama mbele ya vijiti ni Bwana Mahmud mwenyewe.

Bwana Mahmud akakitazama kijiti kilicholala, akamtazama kijana wa Pate mwenye kikoi, akasema, "Rudia." Akarudia. Kijiti kikalala tena.

Tangu siku hiyo Madi akawa mtu wa Amu. Bwana Mahmud akampa kazi ghalani na mahali pa kulala. Akamwazima suruali yake nyeupe na viatu vyake vyeupe. Bwana Husseini, aliyekuwa mrushaji wa klabu kwa miaka mingi, akamfundisha kunyoosha mkono na kutoka mbio vizuri. Na kwa miezi michache, wasikilizaji wapendwa, hakuna aliyemuweza Madi pale Amu. Mpira wake ukishagusa jamvi, hujui unakwenda wapi.

Tima, mjane wake, wakati huo alikuwa mchumba tu kijijini. Aliniambia hivi: "Alikuya siku ya Idi, avete suruali nyeupe. Mui mzima ulitoka kumtazama. Mimi nilichungulia dirishani, nikasema, huyu sasa hanitaki tena."

Alimtaka.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo lilipo jambo lenyewe. Mwaka huo wa hamsini na tano ilitangazwa kwamba timu ya taifa moja la ng'ambo inakuja Mombasa kucheza na Pwani. Mechi ya kimataifa, ya siku tatu. Wachezaji kumi wakapatikana. Ikabaki nafasi moja, ya mrushaji wa mpira wa kupinda, na wa kuijaza ni nahodha. Watu wawili walikuwa mbele yake. Kulikuwa na Husseini, mzoefu, goti lake bovu, mpira wake wa kawaida lakini moyo wake hautetereki. Na kulikuwa na Madi, ambaye hajapata kucheza nje ya Amu. Hajapata kurusha mpira popote isipokuwa juu ya lile jamvi la mama yake.

Wakakutana alasiri dakani kwa Bwana Mahmud, pale mlangoni pa nyumba wanapokaa wageni. Alikuwapo Mwalimu Kamaludin, mwamuzi wa klabu. Walikuwapo na wengine, lakini wengine walikuwa wa kunywa kahawa.

Mwalimu Kamaludin akasema, "Bwana Mahmud, kijana tumuwate kwanza. Si yeye anayepinda, ni jamvi. Ukili umeshonwa kwa ukili, pana matuta. Mpira ukipiga tuta unashika ndia yake. Mombasa wana zulia, limevutwa, liko sawa kama meza. Tumjaribu japo mara moya sakafuni, tuone."

Bwana Mahmud akamtilia kahawa. "Mwalimu, mimi nimecheza Bombay. Mpira naujua tangu unapotoka kidoleni."

"Sikatai. Nasema tumjaribu."

"Nimeshasema mbele ya watu kwamba ni yeye. Wataka nikamjaribu sakafuni, watu wapite waseme Mahmud hana hakika na neno lake?"

Nyinyi wa Amu mnajua kilichofuata, hata kama hamkuwapo. Uko dakani kwa mtu. Umekalia mkeka wake, umekunywa kahawa yake. Neno lake huliangushi pale. Utangoja mpaka utoke nje, na ukishatoka nje unaona vibaya kurudi. Mwalimu Kamaludin akageuza kikombe, akasema, "Wewe ndiwe mwenye nyumba." Basi. Adabu ikalimaliza shauri. Katika mji mwingine wangegombana, na kijana angepona.

Husseini naye alipoulizwa njiani alisema, "Mtoto bado mbichi." Watu wakasema ni kijicho cha mzee anayeachwa. Akaenda zake.

Na Madi aliulizwa? Hakuulizwa. Aliambiwa. Akampelekea mama yake habari, na Bi Hadia akasomesha maulidi, akapika, akalisha mtaa.

Mombasa. Uwanja umejaa. Asubuhi ya siku ya kwanza Madi akapewa mpira. Alimwambia mama yake baadaye kwamba alikuwa na furaha tu. Akausokota kama siku zote. Akarusha. Mpira ukatua juu ya zulia, ukaendelea mbele umenyooka, mpole, kama mtoto aliyetumwa dukani. Mpigaji wa wageni akaungoja. Akaupiga mpaka minazini.

Madi akavitazama vidole vyake.

Akarusha wa pili. Minazini. Wa tatu, minazini. Zamu yake ya kwanza ilipokwisha watu walikuwa wameshaanza kucheka. Zamu ya pili wakaanza kumshangilia kila anapotoka mbio, kwa ile maana mnayoijua.

Nahodha yeyote angemtoa, wasikilizaji wapendwa. Mpe mwingine mpira, mfiche kijana pembeni mwa uwanja, yaishe. Mwalimu Kamaludin alikuwa amesafiri kutazama. Wakati wa chakula cha mchana akamwendea Bwana Mahmud. Pale hawakuwa dakani, akasema wazi: "Mtoe. Wamuuwa."

Bwana Mahmud akajibu, na haya ameniambia yeye mwenyewe, haoni ubaya wake: "Nikimtoa sasa nimekiri. Na arushe."

Akarusha. Baada ya chakula akarusha, alasiri akarusha. Kidole cha shahada kikachanika, damu ikaingia kwenye mpira. Mwamuzi wa mechi akaufuta kwa kitambaa akamrudishia. Kisha likatokea jambo. Mpigaji mmoja wa wageni, mtu mzima, akaacha kumpiga. Akawa anauzuia mpira tu, taratibu, anaurudisha miguuni pa Madi. Anamwekea. Uwanja mzima ukaona, ukanyamaza kwa mara ya kwanza siku ile. Madi akauokota mpira, akageuka kurudi pa kuanzia mbio zake, na watu wa upande ule wakaona kwamba analia.

"Kupigwa kulimuuma," aliniambia Bi Hadia. "Lakini kilichomwangusha ni yule mzungu. Aliniambia, mama, hata adui alinionea imani, na wangu hawakunionea."

Pwani ilishindwa, na ilishindwa vibaya. Siku mbili zilizobaki hazina la kusimulia.

Waliporudi, habari zilikuwa zimetangulia. Gatini Amu palijaa watu. Mmoja akapaza sauti, "Bwana Mahmud, nani aliyemchagua huyu?" Bwana Mahmud akasema, "Kamati." Watu wakacheka. Na kwa kuwa hakutaka achekwe yeye, akamgeukia Madi. "Suruali yangu. Na viatu."

Madi akasema atavirudisha akifika nyumbani.

"Hapa," akasema Bwana Mahmud.

Madi akavua hapo hapo gatini, mbele ya watu. Mwalimu Kamaludin akavua shuka lake la begani akamsitiri nalo. Madi akaondoka peku, na kazi ya ghalani ikaisha siku ile ile. Nasema tena kwamba Bwana Mahmud si mtu mbaya. Hulisha mayatima kila Ramadhani. Juzi tu ametia mlango mpya msikitini.

Sasa kuna Bi Mwanamkisi. Watu wa Amu hawahitaji kuelezwa. Kwa wengine, Bi Mwanamkisi ndiye mtunzi wa nyimbo wa chama cha ngoma ya lelemama cha akina mama wa mtaa wa Langoni. Ukiteleza asubuhi, jioni umeshaimbwa. Langoni walikuwa wakitafuta la kuwachapia Mkomani, mtaa wa Bwana Mahmud, maana mitaa hii miwili haijapata kuachiana. Lakini Bwana Mahmud ni mtu mkubwa. Huwapa akina mama sukari na taa za harusini. Basi hawakumwimba Bwana Mahmud. Wakamwimba Madi.

*Madi, jamvi litandike,*
*na mpira upindike;*
*wageni waupokee,*
*minazini ufutike.*

Wimbo mtamu. Huo ndio msiba wake. Ungekuwa mbaya ungekufa wiki ile ile. Ukatoka Langoni, ukaingia Mkomani kwenyewe, ukavuka ukaenda Faza, Siu, Kizingitini. Wachukuzi wakapokezana mawe kwa wimbo ule. Mama akabembelezea mtoto. Na wanaume wa baraza za pwani pale Amu wakawa na mchezo wao. Madi akija mjini toka Mbwajumali, akitokea tu, mmoja anakohoa, wa pili anaanza "Madi, jamvi...", na baraza nzima inaitikia. Akipita baraza hii anapokelewa na ile. Akiharakisha, wanaharakisha wimbo.

Nilimuuliza Bi Mwanamkisi. Alinijibu kwa upole, huku akinitilia ubani kwenye chetezo. "Ule ni utani, baba. Sisi hatumuimbi mtu tusiyempenda."

Mwaka uliofuata Madi akamuoa Tima. Harusi ilikuwa Mbwajumali. Wageni wakaja kutoka Amu, na chama cha Langoni kikaja na matari yake. Walialikwa, na walikuja kwa mapenzi. Harusi bila wao ilikuwa unyonge. Bwana harusi akaletwa, amevaa joho na kilemba, jambia kiunoni. Akafika mlango wa chumba cha ndani, mkono ukashika komeo. Na huko ndani, mbele ya bibi harusi wake, wakaanza. "Madi, jamvi litandike."

Hapa nawapa maneno ya Tima mwenyewe. "Nilikuwa nimekalishwa kitandani, nimefunikwa. Nangoja mlango ufunguke. Haufunguki. Wakaimba mpaka mwisho, wakaona umependeza, wakaurudia. Ndipo akaingia. Hakukaa kitandani, alikaa tini. Aliniuliza, nawe waujua wimbo huu? Nikamwambia siujui."

Halafu akaniambia, "Nalikuwa naujua."

Baada ya harusi wakahamia Ndau. Huko ni kisiwa kidogo, wavuvi wachache, na wengi wao hawajui kriketi ni mnyama gani. Madi akavua samaki, akalima. Watu wa Ndau wanamsifu kuwa mpole na mcheshi kwa watoto wao. Mpira hakuutaja. Na Amu hakukanyaga tena. Kitu cha kununuliwa Amu alimwagiza Barka, kaka yake Tima.

Mwanzoni mwa mwezi huu tumbo likamshika. Upande wa kulia, chini. Siku ya kwanza akajikunja, siku ya pili hakuweza kusimama. Barka akatayarisha mashua. "Twende Amu, hospitali. Dakta yuko."

Madi akasema, "Kokote, si Amu."

"Madi, ni tumbo hilo. Si la kungoja."

"Toka gatini mpaka hospitali nitapita baraza ngapi?"

Barka akamwambia watamfunika gubigubi, hakuna atakayemjua. Madi akasema, "Watajua. Wataniimba nami ni ndani ya shuka."

Wakampeleka Kizingitini, kwa msaidizi wa dakta. Yule akabonyeza tumbo mara moja tu. "Huyu ni wa kisu," akasema. "Mtieni mashuani sasa hivi, Amu." Madi akakataa. Tima akampigia magoti, akakataa. Ikabidi mtu akimbie Mbwajumali kumwita Bi Hadia, na bibi yule akaja mbio kwa miguu, mchana wa jua. Akaingia, akamshika mwanawe uso, akasema, "Nitatangulia mimi. Wewe utakuwa nyuma yangu. Atakayeimba, ataniimba mimi."

Madi akakubali. Alikubali, wasikilizaji wapendwa. Wakamtia mashuani, mama yake akakaa mbele kama alivyoahidi. Lakini saa zile za kukataa zilikuwa zimeshafanya kazi yake. Tumbo lilikuwa limepasuka ndani. Hawajaufikia mkondo wa Mkanda, njiani kwenda Amu, akakata roho. Barka akageuza mashua, wakarudi kumzika Mbwajumali.

Huyo ndiye Madi bin Bwanamkuu, wa Mbwajumali, aliyeichezea Pwani mara moja.

Rambirambi zimeletwa nyingi. Bwana Husseini anampa pole Bi Hadia, anasema mkono ule haujapata kutokea Amu na angeutunza miaka mitatu kabla ya kuuonyesha kwa watu. Mwalimu Kamaludin hakutuma salamu. Alikwenda mwenyewe Mbwajumali, akaingia kaburini kumpokea maiti. Salamu za Bwana Mahmud nazisoma kama zilivyoletwa: "Nimesikitika kwa kifo cha kijana ambaye mimi ndiye niliyemvumbua. Mola amrehemu." Amina. Sisi sote hapa studio tunawapa pole Bi Hadia, Tima, Barka na ukoo mzima. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Na sisi tuliobaki tukae tufikiri. Kumchagua kijana kabla hajaiva ni kosa, lakini ni kosa la alasiri moja. Kila timu duniani hukosea kuchagua. Madi angerudi Amu, angecheka na wenzake, angezeeka akiwasimulia wajukuu jinsi alivyopigwa na wageni. Hayo mengine hatukuyakosea. Tuliyafanya kwa hiari yetu, tumeshiba, tukipiga makofi.

Ijumaa hii kuna harusi Langoni. Chama cha Bi Mwanamkisi kilituma mtu Mbwajumali, kwa heshima zote, kumuuliza Bi Hadia kama wanaweza kuuimba ule wimbo, au wauache mpaka eda ya Tima iishe. Wanamwonea haya, alisema mjumbe. Nilikuwapo. Bi Hadia alimsikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha kahawa.

"Waambie waimbe," akasema. "Wasinionee haya. Haya ishauwa mmoya, yatosha."